Bodi haijaungua, kagueni kitufe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wazazi na walimu ambao likizo hii wana kijana nyumbani au klabuni anayeunda mchezo wa taa na vitufe kwa bodi ndogo ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kichipu kimoja. Mchezo wenyewe wengi wameuona: taa moja inawaka ghafla baada ya kungojewa, wachezaji wawili wanabonyeza, na aliyetangulia anawashiwa taa ya upande wake. Ni kazi nzuri ya kuanzia, maana ndani yake mna taa, kitufe, hesabu ya muda na bahati nasibu, na vifaa vyote vinatosha kwenye mkebe mmoja.

Linalonisukuma kuandika ni hukumu inayotolewa mchezo ukigoma. Taa ikiwaka ovyo, au kitufe kisipoitika, mtu mzima aliye karibu husema "bodi imeungua", na mzazi anarudi Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kununua nyingine. Bodi mpya inafungwa kwa nyaya zile zile na programu ile ile, na kosa linarudi lile lile. Katika michezo ya aina hii bodi ndiyo ya mwisho kushukiwa. Kwanza kitufe, kisha nyaya, kisha jinsi programu inavyohesabu muda. Mtoto aliyeambiwa ameunguza bodi huogopa kuigusa tena, na hilo linaniuma kuliko pesa zilizopotea.

Nitazungumzia bodi ya Arduino Uno, toleo la R3, na nakala zake, kwa kuwa ndizo zilizozagaa madukani. Vifaa ni bodi moja, bredibodi (ubao wa kuchomekea nyaya) ya matundu 400, taa 3 za LED, rezista 3 (vifaa vya kubana umeme) za ohm 220, vitufe 2 vya miguu minne na nyaya kumi hivi. Tuseme vitufe viko kwenye pini (matundu ya bodi ya kuunganishia nyaya) 2 na 3, na taa kwenye pini 8, 9 na 10. Pini 0 na 1 ziachwe tupu, kwa sababu bodi huzitumia kuzungumza na kompyuta. Kitu kikichomekwa hapo, programu inaweza kukataa kuingia, na wasiojua hudhani bodi imekufa.

Malalamiko ninayokutana nayo zaidi ni kwamba mshindi anatangazwa kabla ya mtu yeyote kugusa kitufe. Peleka mkono karibu na waya unaotoka kwenye kitufe, bila kuugusa. Taa ikibadilika kwa kukaribia tu, umepata mhalifu: pini inaelea. Pini ya kusomea ambayo haijafungwa popote haina volti yake yenyewe. Inaokota chochote kilicho hewani, hasa stima ya nyumba inayogeuka mara 50 kwa sekunde, na mwili wa mtu ni antena nzuri ya kuileta. Programu inasoma kubonyezwa, kuachwa, kubonyezwa, na kitufe hakijaguswa.

Dawa haihitaji kifaa cha ziada. Ndani ya kichakataji mna rezista ya kuivuta pini hadi volti 5, kati ya kilo-ohm 20 na 50, nayo huamshwa kwa kuandika INPUT_PULLUP badala ya INPUT pale programu inapotangaza kuwa pini ni ya kusomea. Kitufe sasa kinafungwa kati ya pini na GND (tundu la volti 0), si kati ya pini na 5V (tundu la volti 5). Usomaji nao unageuka: kisipobonyezwa ni HIGH (juu), kikibonyezwa ni LOW (chini). Hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya pili. Wanabadilisha neno kwenye programu na kuuacha waya kwenye 5V. Pini inavutwa juu na rezista ya ndani, na kitufe kikibonyezwa kinaipeleka juu vile vile, kwa hiyo hakuna kinachobadilika hata ubonyeze hadi kesho. Wengine huhamisha waya vizuri lakini wakaacha swali la programu likiuliza kama pini ni HIGH, na mchezo unamtuza asiyebonyeza. Anayetaka njia ya zamani, ya kitufe kwenda 5V, aweke rezista ya kilo-ohm 10 kutoka pini hadi GND. Rangi zake ni kahawia, nyeusi na chungwa.

Kitufe chenyewe kina ujanja wake. Miguu minne haimaanishi njia nne. Imeunganishwa ndani miwili miwili, na kubonyeza huunganisha jozi moja na nyingine. Ukikichomeka kikiwa kimezungushwa robo, au ukitumia miguu miwili ya jozi moja, programu itaona kimebonyezwa muda wote. Tumia miguu iliyo pembe kwa pembe na hutakosea, vyovyote kitakavyokaa. Kikae kikivuka mfereji wa katikati ya bredibodi. Vile vidogo vya milimita 6 huja na miguu iliyopinda kidogo, na ikichomekwa hivyo kitufe hunyanyuka polepole kila kinapobonyezwa, hadi mguu mmoja unaning'inia. Inyooshe kwa koleo kwanza.

Kitufe kikisomeka sawasawa, shida inayofuata ni ya kuhesabu. Mchezaji anabonyeza mara moja na alama zinapanda tatu au nne. Watoto hufikiri wamekosea hesabu katika programu, na huenda hawajakosea. Ndani ya kitufe mna kibati chembamba kilichobinuka. Kidole kikikisukuma kinabonyea na kugusa, lakini hakigusi mara moja kikatulia. Kinadunda, kama mpira uliodondoshwa sakafuni: mguso, kuachana, mguso, kuachana, kwa milisekunde chache, na kwenye vitufe vilivyochakaa hata zaidi ya 10. Kwetu ni kubonyeza kumoja. Kwa bodi inayokwenda mipigo milioni 16 kwa sekunde, ni kubonyeza kadhaa kulikopangana vizuri.

Tiba ya kawaida ni kuweka delay, amri ya kuilaza programu, ya milisekunde 200 baada ya kila kubonyeza. Kudunda hakuonekani tena, kweli, lakini mchezo umelemazwa. Kidole chepesi hubonyeza mara 5 au 6 kwa sekunde. Kwa mara 6, nafasi kati ya kubonyeza na kubonyeza ni kama milisekunde 167, na delay ya 200 inazimeza nyingine kimyakimya. Tumia milisekunde 30, hata 50 kwa kitufe kibaya, wala usisimamishe programu. Hifadhi saa ya badiliko la mwisho, na badiliko lingine likija kabla ya milisekunde 30 kupita, lipuuze. Kisha hesabu alama pale tu kitufe kinapotoka hali ya kuachwa kwenda hali ya kubonyezwa. Asiyefanya hivyo, alama zake zitaendelea kupanda muda wote kidole kiko juu ya kitufe.

Katika mchezo wa nani wa kwanza kuna jambo moja zaidi, na sijaona likielezwa mara nyingi. Usingoje milisekunde 30 zipite ndipo uandike muda wa mchezaji. Mguso wa kwanza kabisa ndio muda wake halali. Uandike hapo hapo, halafu upuuze kudunda kunakofuata. Hii inawezekana kwa sababu pini haielei tena. Ingekuwa bado inaelea, mguso wa kwanza usingeaminika hata kidogo, na ndiyo maana nimeanza na pini.

Sasa delay, chanzo cha kilio cha "lazima nibonyeze kwa muda mrefu ndipo kiitike". Delay huilaza programu. Tuseme taa inawashwa, delay ya milisekunde 500, inazimwa, delay ya 500 nyingine, kisha kitufe kinasomwa. Katika kila sekunde nzima kitufe kimetazamwa mara moja tu, kwa kufumba na kufumbua. Aliyebonyeza na kuachia katikati ya sekunde hiyo hakuonekana. Bodi haikuchelewa kumjibu. Hakuna aliyekuwa macho kumwona.

Njia sahihi ni kutazama saa badala ya kulala. Amri ya millis() hutoa idadi ya milisekunde tangu bodi iwashwe. Taa inapobadilishwa, hifadhi saa hiyo. Kila programu inapozunguka, toa saa iliyohifadhiwa kutoka saa ya sasa, na tofauti ikifika 500, badilisha taa na uhifadhi saa upya. Ikiwa bado, pita uende kusoma vitufe. Programu inazunguka maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo vitufe havikosi mtazamaji. Andika kwa kutoa, si kwa kujumlisha saa ya mbele na kuingoja, kwa kuwa millis() hujaa na kurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi, na hesabu ya kutoa hulivuka hilo bila kuyumba.

Kigeu kinachohifadhi saa hiyo, yaani nafasi ya namba kwenye programu, kiwe cha aina ya unsigned long, inayobeba namba kubwa zisizo hasi. Nasisitiza hapa, kwa sababu kosa hili ndilo linalouza bodi nyingi bila sababu. Mwanafunzi akiandika int, aina ya namba ndogo zaidi, mchezo unakwenda vizuri kabisa kwa sekunde 32, kisha taa iliyokuwa ikimetameta inaganda na kuonekana imewaka nusu mwanga. Akibonyeza kitufe cha kuwasha upya, unapona. Baada ya nusu dakika, yale yale. Nani asingesema bodi inapata joto? Ukweli ni kwamba int kwenye Uno inafika 32,767 tu. Saa ikivuka hapo, namba inayohifadhiwa inageuka kuwa hasi, tofauti inatoka kubwa mno kila mara, na programu inabadilisha taa kila inapozunguka. Taa inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, ndiyo maana inaonekana kufifia. Badilisha neno hilo moja.

Kuna pia dhuluma inayojificha kwenye muda wa kungoja. Programu nyingi za mwanzo hulala kwa delay ya muda wa nasibu, kisha zinawasha taa na kusoma vitufe. Mchezaji mjanja hushikilia kitufe tangu mwanzo, taa inawaka, na anashinda papo hapo. Wakati wa kungoja, programu inapaswa kuwa inavisoma vitufe vyote viwili, na anayebonyeza kabla ya taa apoteze raundi. Raundi isianze hadi vitufe vyote viwili viachiliwe. Ongeza na mpaka wa chini: watu wengi huitikia taa kwa milisekunde 200 hadi 250, kwa hiyo matokeo ya chini ya 100 ni ya kubahatisha. Riadha hutumia mpaka huo huo: anayetoka kabla ya sekunde 0.1 kupita baada ya mlio huhesabiwa ametoka mapema.

Wanaoona milisekunde ni kitu kidogo wakumbuke Kasarani, Septemba 2021. Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, na Trayvon Bromell wa Marekani akamshinda kwa 9.76. Tofauti hiyo ni milisekunde 10. Kuna kifaa cha kukagua makosa ambacho huiba zaidi ya hapo: Serial.print, amri ya kutuma maandishi kwenye kompyuta. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi huchukua takriban milisekunde 1 kusafiri. Bodi ina kihifadhi cha herufi 64, na kikijaa programu inasimama kungoja. Ukiandika mstari wa herufi 20 katika kila mzunguko, umeongeza milisekunde 20 kwenye kila mzunguko, na unayempima amebadilika kwa sababu unampima. Panda hadi 115200, ukikumbuka kubadilisha namba hiyo kwenye dirisha la kompyuta pia, la sivyo utaona herufi za ajabu. Na andika pale tu hali inapobadilika, wala si kila mzunguko.

Kuhusu nasibu kwa ufupi: bodi ikizimwa na kuwashwa, amri ya random hurudia mfuatano ule ule, na watoto wanaukariri ndani ya siku moja. Mwanzoni, wape wachezaji kitufe cha kuanzisha, na saa ya micros() wakati kinapobonyezwa iwe ndiyo mbegu ya randomSeed, yaani namba ambayo random huanzia. Mtu hawezi kubonyeza kwa mikrosekunde ile ile mara mbili. Na random(2000, 5000) haitoi 5000 kamwe, inaishia 4999.

Taa zina makosa yake, na mengi yanasomeka kwa macho. Isiyowaka kabisa huwa imegeuzwa: mguu mrefu uende upande wa pini, na upande wenye ukingo uliokatwa uende GND. Inayowaka kwa unyonge sana ina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, pini haikutangazwa kuwa OUTPUT, yaani ya kutoa umeme. Hapo HIGH inaamsha ile rezista ya ndani tu, na taa inapata kama sehemu moja ya kumi ya miliampea. Ya pili, mtu ameweka rezista ya kilo-ohm 10 badala ya ohm 220. Ya 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia. Jioni chini ya balbu ya manjano, kahawia na chungwa hufanana kabisa, na zile za buluu zenye mistari mitano huchanganya zaidi. Pima kwa mita ya umeme kabla ya kuchomeka, ni kazi ya sekunde tano.

Hesabu ya rezista ni rahisi, mtoto wa darasa la saba anaiweza. Taa nyekundu hutumia volti 2 hivi. Zinabaki 3, gawanya kwa 220, unapata miliampea kama 14. Pini ya Uno inapendekezwa itoe 20, na kikomo ambacho haifai kukifikia ni 40. Taa ikiunganishwa bila rezista inaweza kuvuta zaidi ya hapo, na hiyo ni mojawapo ya njia chache ambazo mwanafunzi kweli anaharibu pini. Kwa hiyo nawaomba wenye maduka: mteja akinunua taa za LED, mwekeeni na rezista. Ni kitu cha shilingi chache.

Wengine huweka rezista moja kwa taa zote tatu upande wa GND, ili kubana matumizi. Taa moja ikiwaka peke yake hakuna shida. Zikiwaka mbili, mwanga unagawanyika, na nyekundu ikiwa pamoja na buluu, buluu inakaribia kuzimika, kwa sababu inahitaji volti 3 hivi na nyekundu imeishikilia volti chini yake. Kila taa iwe na rezista yake. Anayetumia bredibodi ndefu ya matundu 830 aangalie pia kama mistari ya nguvu ya pembeni imekatika katikati. Baadhi hukatika, na nusu ya taa zinakosa GND bila waya wowote kutoka.

Kwa walioendelea hadi mchezo wa kukumbuka mfuatano wa taa: mfuatano ukiwa na taa ile ile mara mbili, lazima izime walau milisekunde 100 katikati. Bila pengo hilo mchezaji anaona taa moja ndefu, anabonyeza mara moja, na anaambiwa amekosa. Na wakiongeza mlio kwa amri ya tone, ufifizaji wa taa kwenye pini 3 na 11 huvurugika, kwa kuwa vinagombania saa moja ya ndani. Taa za kufifia zihamie pini 5, 6, 9 au 10.

Na kabla ya mtu kusema tena bodi imeungua, afanye hivi. Atoe nyaya zote. Achomeke bodi tupu kwa waya wa USB unaojulikana kupitisha data. Nyaya nyingi za simu ni za kuchaji tu: taa ya bodi inawaka, lakini kompyuta haioni chochote. Nakala zenye kichipu cha CH340, kinachounganisha bodi na USB, huenda zikahitaji draiva yake, programu ya kukitambua, kwenye kompyuta. Apandishe programu ya kumetesha taa ya pini 13. Ikimeta, kichakataji ni kizima. Kisha aandike programu ya mistari michache inayosoma pini 2 kwa INPUT_PULLUP na kuwasha taa ya pini 13 inaposoma LOW, na aguse pini 2 na GND kwa waya mmoja, bila kitufe wala bredibodi. Taa ikifuata mkono wake, pini ni nzima, arudi kwenye kitufe na nyaya. Isipofuata, ajaribu pini 4, kisha 5. Pini moja ikiwa imekufa na nyingine ziko hai, ahamishe kitufe na abadilishe namba kwenye programu, bodi itaendelea kutumika. Bodi ya kutupwa ni ile ambayo kichakataji chake kinaunguza kidole ikiwa tupu, au ambayo kompyuta haiioni kwa waya wa pili na kwenye kompyuta ya pili.

Mkufunzi wa vifaa vya elektroniki,
Nairobi